Shaaban Robert na Miaka Iliyokuja Baada ya Hamsini

Wengi wetu tulimfahamu Shaaban Robert darasani, kwa mashairi tuliyoyakariri kabla hatujayaelewa. Alibaki vichwani mwetu kama jina kubwa la lugha ya Kiswahili, mfano wa sanamu isiyokuwa na umri. Leo twapenda kumtazama kwa upande usiozungumzwa sana: mtu aliyezifikiria kwa makini nyakati zote za maisha ya binadamu, tangu kubalehe hadi uzee, akaziandikia moja baada ya nyingine, ilhali yeye mwenyewe hakujaliwa kuufikia huo uzee. Alifariki akiwa na umri wa miaka 53.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga. Nchi ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Huku kwetu Amani, milimani, taasisi yao ya utafiti wa kilimo ilikuwa imekwisha kutimiza miaka saba tangu ianzishwe mwaka 1902, na huko bondeni mashamba ya mkonge yalikuwa yakienea kuifuata reli. Alipokuwa na miaka mitano vita ilifika Tanga, mwezi wa Novemba 1914, na alipokuwa bado mtoto bendera ilibadilika kutoka ya Kijerumani kuwa ya Kiingereza. Alikuwa Mwislamu, aliishi na kufa katika dini yake. Jina la Robert humbabaisha mgeni, lakini halikumbadilisha mwenye kulibeba.

Mwaka 1922 alipelekwa Dar es Salaam kusoma. Alikuwa na miaka 13. Wazazi wanaosoma ukurasa huu na wenye watoto katika shule za bweni waufikirie umri huo: ni wakati ambapo mwili unabadilika, sauti inabadilika, na kijana anaanza kumtazama baba yake kama mtu wa kawaida. Wakati huo ndipo alipoachana na bahari ya Tanga na watu wa nyumbani. Alimaliza masomo mwaka 1926, na mwaka ule ule akaajiriwa serikalini kuwa karani katika idara ya forodha. Basi ujana wake, kwa maana tunayoipa sisi ya miaka ya kujitafuta, ulikuwa mfupi mno. Akiwa na miaka 17 alikuwa mtu wa mshahara, na watu wa mshahara katika ukoo wa Kiafrika hawaitwi vijana tena, hata ndevu zikiwa hazijaota.

Kwa miaka 18 alikuwa mtu wa forodha, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliishi Pangani, mji ulioko mdomoni mwa mto, wenye minazi na majahazi. Mchana aliandika hesabu za ushuru, na nje ya saa za kazi aliandika mashairi. Tunapendelea kulitaja jambo hili polepole, kwa kuwa watu hudhani kwamba mwandishi mkubwa huwa hana kazi nyingine. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miaka 30. Vitabu vyake vyote vya wakati huo viliandikwa katika saa zilizobaki baada ya ofisi kuchukua sehemu yake.

Huko huko alioa, akapata watoto, na akafiwa. Kifo cha mkewe Amina kilimkuta akiwa katika miaka ya thelathini, umri ambao mtu amezoea kujiona ana muda wa kutosha kwa kila jambo. Shairi alilomwandikia, lenye jina la marehemu huyo, limedumu kuliko hotuba nyingi za mazishi, na sababu tunaiona wazi: halimwambii Mungu kwamba amekosea, wala halijifanyi kwamba maumivu ni madogo. Baadaye alioa tena. Lakini kwanza walikuwapo watoto, na baba akalazimika kuwa baba kwa namna mpya.

Hapa ndipo zilipotoka tenzi mbili ambazo, kwa maoni yetu, ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika kitabu cha maisha yake: Hati, aliyomtungia binti yake, na Adili, aliyomtungia mwanawe wa kiume. Zote mbili zinasema na mtoto aliyesimama kizingitini mwa utu uzima. Baba hakungoja watoto wapotee ndipo aanze kuwakemea. Aliwakalisha chini mapema, akazungumza nao juu ya Mungu, wazazi, elimu, usafi, ulimi, kazi, ndoa na jinsi ya kuishi na watu. Alichagua utenzi kwa kuwa utenzi hukaa kichwani. Kijana akiwa mbali na nyumbani, beti humjia zenyewe. Wanaofundisha katekesi ya kipaimara katika parokia zetu wanaijua shida anayoishughulikia: namna ya kumwambia kijana mambo makubwa bila ya kumchosha wala kumdharau.

Si kila alichomwambia binti tungekirudia leo. Utii anaomtaka mke kwa mumewe ni mzito, na binti wa sasa aliyesoma atauliza kwa haki mume naye anatakiwa nini. Hata hivyo, tusisahau kwamba miaka ile akina baba wengi hawakuona haja ya kumwandikia binti chochote. Huyu alimwandikia utenzi mzima, akitarajia kwamba atausoma mwenyewe.

Mwaka 1944 alihamishiwa Mpwapwa, mbali na pwani, kwenye ukame wa katikati ya nchi. Wakati huo alikuwa na miaka 35. Alikaa huko miaka miwili hivi, na hakuwa na furaha. Watumishi wa umma wanaofungua barua ya uhamisho wakiwa na familia mkononi hawahitaji kuelezwa. Mwaka 1946 alirudishwa Tanga, akafanya kazi katika ofisi za serikali hapo, na kuanzia 1952 katika idara ya upimaji wa ardhi, hadi alipostaafu.

Miaka ya arobaini ya umri wake ndiyo iliyozaa zaidi. Kusadikika kilitoka mwaka 1951, hadithi ya nchi ya kufikirika ambamo mtu mmoja anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, na anajitetea mbele ya baraza kwa kusimulia safari za wajumbe waliotumwa nje wakarudi na hekima, kisha wakatiwa gerezani. Mwaka uliofuata kilitoka Adili na Nduguze. Alimtafsiri Omar Khayyam kwa Kiswahili. Aliandika pia wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyezaliwa katika umaskini huko Fumba, akafika mjini akiwa mtu mzima, na ambaye sifa zake zilikuja katika umri ambao wanawake wengi wa wakati wake walikwisha kuhesabiwa kuwa wamemaliza. Siti alifariki mwaka 1950. Tunashawishika kuamini kwamba katika maisha ya bibi yule Shaaban Robert aliona jambo alilolitafuta kwa ajili yake mwenyewe, yaani kwamba umri hauji tu kuchukua.

Maana mwaka 1959 alitimiza miaka hamsini. Kitabu cha maisha yake kina sehemu mbili. Ya kwanza, Maisha Yangu, ilichapishwa peke yake mwaka 1949. Ya pili ndiyo Baada ya Miaka Hamsini. Tafadhali, msomaji, lisome jina hilo kwa mara ya pili. Zaburi ya 90 huihesabu miaka ya mwanadamu kuwa sabini, au themanini kwa mwenye nguvu, lakini kwa mtumishi wa kikoloni hamsini ilikuwa mlango wa kutokea: unakabidhi meza, unapewa kiinua mgongo, unarudi kijijini. Yeye akaufanya mwaka huo kuwa kichwa cha sehemu mpya ya kitabu, na akaingia humo na kalamu. Alikuwa na miswada iliyongoja kuchapishwa, na mingine akilini. Alikuwa pia mtu wa mabaraza na kamati, ikiwamo Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na alijiunga na TANU.

Katika kata na vigango vyetu tumewasindikiza makaburini walimu, makarani na wauguzi waliofariki mwaka mmoja au miwili baada ya kustaafu, wengi wao bila ya ugonjwa mkubwa. Watu husema wameuawa na upweke, au na mafao yaliyochelewa, au na nyumba iliyowageukia kwa kuwa hawakuizoea. Sheria ya leo inamruhusu mtumishi kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60, na vyombo vya akiba humweleza habari za fedha. Hakuna anayemuuliza atakuwa nani siku ya Jumatatu. Shaaban Robert aliliandikia hadithi swali hilo, nayo ni Utubora Mkulima: mtu aliyekuwa na kazi nzuri ya ofisi huko Unguja, vita vilipokwisha akaiacha kwa hiari yake akiwa na nguvu zake zote, akaenda kijijini Busutamu kushika jembe. Watu wake wanamshangaa. Mwandishi hamshangai hata kidogo. Utubora hakungoja achoke ndipo akumbuke kuwa alitaka kuishi.

Mwenye kuiandika hadithi hiyo hakupewa muda mrefu baada ya ofisi. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru, naye aliushuhudia. Mwezi wa Juni 1962, katika mwaka wa kwanza wa uhuru huo, alifariki dunia, akazikwa kwao Machui, karibu na alikozaliwa.

Alikwisha kutunga kwa ajili ya uzee asioupata. Utenzi wa Vita vya Uhuru, kazi kubwa aliyoianza wakati wa Vita Kuu ya Pili, ulichapishwa mwaka 1967, na Kufikirika mwaka huo huo. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka mwaka 1968. Kama angeishi, mwaka huo angekuwa na miaka 59, mwaka mmoja kabla ya umri ambao leo tunawaaga wastaafu wetu.