Paul Robeson: Nyota Aliyeikana Filamu Yake

Mkataa kwao ni mtumwa. Methali hii huwa na uzito wa pekee kwa mtu ambaye utumwa kwake haukuwa msemo tu, bali historia ya nyumbani. Paul Robeson, mwigizaji na mwimbaji Mmarekani mweusi aliyevuma kote duniani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, alikuwa mwana wa mtu aliyezaliwa mtumwa. Katika utu uzima wake alijitahidi kuitambua Afrika kuwa ndiko kwao, hata akajifunza Kiswahili. Hata hivyo, mara moja sinema ilimfanya aonekane amewakana watu wake bila ridhaa yake. Juhudi za kulirekebisha kosa hilo zilibadilisha mkondo wa maisha yake yote.

Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey. Baba yake, William Drew Robeson, alitoroka shamba la watumwa huko North Carolina akiwa na umri wa miaka 15, akasoma na hatimaye akawa mchungaji. Mama yake, Maria Louisa Bustill, alitoka katika ukoo uliokuwa umepiga vita utumwa kwa vizazi kadhaa. Mama huyo alifariki mwaka wa 1904 kutokana na majeraha ya moto uliompata nyumbani, Paul akiwa hajatimiza miaka sita. Malezi yakabaki mikononi mwa baba, ambaye alimzoesha mwanawe kukariri hotuba na kusema mbele ya watu bila woga.

Mwaka wa 1915 Robeson alipata ufadhili wa kusomea katika Chuo cha Rutgers, ambako Waliokuwa weusi kabla yake walikuwa wawili tu. Wachezaji wenzake wa kandanda ya Kimarekani walimwumiza kwa makusudi mazoezini ili aondoke, naye akakataa kuondoka. Mnamo 1917 na 1918 aliteuliwa miongoni mwa wachezaji bora wa taifa zima, na alipohitimu mwaka wa 1919 ndiye aliyechaguliwa kutoa hotuba kwa niaba ya wenzake. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia na kuhitimu mwaka wa 1923. Hata hivyo, uwakili wake haukudumu. Katika afisi alimoajiriwa, karani mzungu alikataa kuandika maneno yaliyotamkwa na mtu mweusi, naye Robeson akaipa sheria kisogo.

Mlango mmoja ulipofungwa, mwingine ulifunguka. Mkewe, Eslanda Goode, ambaye walioana mwaka wa 1921, alikuwa amekwisha kumhimiza ajaribu jukwaa. Mwaka wa 1924 aliigiza katika tamthilia mbili za Eugene O'Neill, na mwaka uliofuata akaonekana katika filamu yake ya kwanza, Body and Soul, iliyoongozwa na Oscar Micheaux, mwelekezi mweusi. Mwaka huohuo wa 1925, akiandamana na mpiga piano Lawrence Brown, alifanya tamasha la nyimbo za kidini za watumwa mjini New York. Sauti yake nzito iliwafanya watu wazisikilize kwa heshima nyimbo ambazo wengi walikuwa wamezidharau. Mwaka wa 1928 alikwenda London kuigiza katika Show Boat, na mwaka wa 1930 akawa Othello katika jiji hilohilo.

London ndiko alikokutana na Afrika. Huko waliishi wanafunzi, mabaharia na wanasiasa kutoka makoloni, miongoni mwao Jomo Kenyatta, ambaye wakati huo alikuwa akitetea haki ya Wakikuyu kumiliki ardhi yao. Mwaka wa 1934 Robeson alijiandikisha katika chuo cha masomo ya Mashariki ambacho leo kinajulikana kama SOAS. Hapo alisoma fonetiki na Kiswahili. Lengo lake halikuwa kujipamba kwa maneno machache ya kigeni. Alitaka kuthibitisha kwamba nyimbo na usemi wa Wamarekani weusi vilikuwa na mizizi barani Afrika, na kwamba bara hilo lilikuwa na utamaduni wake kabla ya mkoloni kufika.

Ni katika hali hiyo ya matumaini alipopokea mwaliko wa ndugu wawili, Alexander na Zoltan Korda, kuigiza katika Sanders of the River. Zoltan alikuwa amezuru Afrika na kurudi na picha za ngoma, nyimbo na maisha ya vijijini. Robeson alipoziona aliamini kwamba hatimaye ulimwengu ungeuona utamaduni wa Kiafrika kama ulivyo. Alikubali kuwa Bosambo, chifu wa kubuni katika koloni la Uingereza la Afrika Magharibi. Kenyatta naye, kama Waafrika wengine waliokuwa Uingereza, alipata nafasi ndogo katika filamu hiyo.

Filamu ilipoonyeshwa mwaka wa 1935, haikuwa ile aliyoitarajia. Ilikuwa imehaririwa na kuongezwa sehemu zilizomtukuza afisa wa kikoloni, Sanders, kama baba wa watu wasiojua kujitawala. Bosambo akawa kibaraka mwaminifu wa bwana wake. Ngoma zilizomvutia Robeson zikageuka kuwa pambo la utawala wa kikoloni. Filamu ilipendwa na watazamaji wengi wa Uingereza, lakini wazalendo wa Kiafrika na baadhi ya Wamarekani weusi walimlaumu vikali. Robeson hakujitetea kwa kusema kwamba alidanganywa tu. Aliikana filamu hiyo hadharani.

Tangu hapo alielewa kwamba sura ya mwigizaji si mali yake. Huiazima kamera, na mwenye mkasi ndiye huamua itasema nini. Kwa sababu hiyo, alipokubali kuigiza katika Song of Freedom mwaka wa 1936, alidai haki ya kuidhinisha filamu kabla haijatolewa. Mwaka huohuo Eslanda, aliyesomea anthropolojia, alisafiri na mwana wao hadi Afrika Kusini na Uganda, na baadaye akaandika kitabu kuhusu safari hiyo. Paul mwenyewe alifika Misri mwaka wa 1937 kwa ajili ya filamu ya Jericho. Kati ya filamu zake zote, aliyoionea fahari zaidi ni The Proud Valley ya mwaka wa 1940, inayosimulia urafiki wa mfanyakazi mweusi na wachimba makaa wa Wales. Hollywood ilimvunja moyo tena kwa Tales of Manhattan ya mwaka wa 1942, iliyowaonyesha wakulima weusi kama watu wa kuchekesha wanaongojea riziki idondoke kutoka mbinguni. Aliishutumu, kisha akaacha kabisa kuigiza katika filamu, hali yungali kileleni.

Jukwaa halikumwacha. Othello yake ya Broadway, iliyoanza mwaka wa 1943, ilichezwa mara 296, rekodi ambayo tamthilia ya Shakespeare haikuwa imeifikia pale. Lakini kadiri umaarufu ulivyokua ndivyo alivyozidi kuutumia kisiasa. Aliongoza Baraza la Masuala ya Afrika, lililopinga ukoloni, na alidai sheria ya kukomesha mauaji ya kinyama waliyotendewa weusi. Mwaka wa 1949 tamasha lake karibu na Peekskill, New York, lilishambuliwa na makundi ya wazungu. Mwaka wa 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti. Miongoni mwa sababu zilizotolewa na serikali baadaye mahakamani ni kwamba kwa miaka mingi alikuwa ametetea uhuru wa Waafrika waliotawaliwa.

Kumbi za muziki zilimfungia milango na mapato yake yakaporomoka. Hata jina lake likafutwa katika orodha ya wachezaji bora wa mwaka wa 1918. Hata hivyo hakunyamaza. Mwaka wa 1952 aliimba kwenye mpaka wa Kanada, akiwa upande wa Marekani, na maelfu wakamsikiliza kutoka pande zote mbili. Mwaka wa 1957 aliwaimbia wachimba makaa wa Wales kwa njia ya simu. Ni haki pia isemwe kwamba ujasiri huo ulikuwa na doa. Robeson aliyepaza sauti dhidi ya dhuluma za Marekani hakuzilaani hadharani dhuluma za Stalin, hata baada ya kufichuliwa na warithi wake mwaka wa 1956.

Pasipoti yake ilirudishwa mwaka wa 1958, lakini afya ilikuwa imeanza kudhoofika. Mwaka wa 1961 alijaribu kujitoa uhai mjini Moscow, na kwa muda mrefu akatibiwa hospitalini London na Berlin Mashariki. Alirejea Marekani Desemba 1963, mwezi uleule Kenya ilipopata uhuru chini ya Kenyatta, mwigizaji mwenzake wa zamani. Eslanda alifariki mwaka wa 1965. Robeson akaenda kuishi kwa dada yake mjini Philadelphia, mbali na macho ya watu. Wapenzi wake walipomfanyia sherehe ya miaka 75 mjini New York mwaka wa 1973, hakuweza kuhudhuria. Aliwatumia ujumbe uliorekodiwa tu. Alifariki tarehe 23 Januari 1976.

Nyota wengi wa sinema hukumbukwa kwa filamu walizozipenda. Robeson anastahili kukumbukwa pia kwa ile aliyoikana. Angeweza kuuchukua ujira wake na sifa zake, akaendelea kuigiza kina Bosambo wengine hadi uzeeni. Badala yake alikubali kupoteza kumbi, mali na usafiri. Ndivyo mwana wa mtumwa alivyokataa kuwakana watu wake, na gharama yake aliilipa hadi mwisho.