Mwalimu Nyerere na maadili ya madiwani: mshika mbili moja humponyoka

Diwani mwenye nyumba tano za kupangisha anapoketi katika kikao cha halmashauri kinachojadili kodi ya majengo, humsemea nani? Humsemea mpigakura aliyemchagua, au mwenye nyumba, ambaye ni yeye mwenyewe? Swali hilo halina mpaka wa nchi, kwa kuwa kila mji una viwanja vya kugawa, zabuni za kutoa na masoko ya kusimamia, na kila halmashauri ina wajumbe wenye jamaa na mali zao.

Katika nchi jirani ya Tanzania, mtu aliyelijibu swali hilo kwa ukali kuliko wengine ni Julius Kambarage Nyerere, Rais wa kwanza wa taifa hilo. Wasikilizaji wetu wa Bujumbura, Rumonge na kandokando ya Ziwa Tanganyika humkumbuka zaidi kama msuluhishi aliyezikutanisha pande za Burundi katika miaka yake ya mwisho. Lakini maisha yake ni pia kisa cha mtu aliyetafuta kwa muda mrefu namna ya kumzuia kiongozi, kuanzia waziri hadi diwani wa mji mdogo, asiufanye uongozi kuwa mradi wake. Katika safari hiyo alipata mengi, na katika jambo moja kubwa alikosea, kisha akakiri.

Mtoto wa chifu aliyeachia mshahara

Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 katika kijiji cha Butiama, karibu na Musoma, mashariki ya Ziwa Viktoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, na mama yake aliitwa Mgaya. Utoto wake ulikuwa wa kuchunga mbuzi, na shule aliianza akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, huko Mwisenge, Musoma. Akili yake ilimfikisha Tabora, kisha Makerere nchini Uganda. Mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, na kurejea mwaka 1952 akiwa na shahada ya uzamili. Akaajiriwa kufundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, na jina la Mwalimu likamganda hadi kaburini.

Mwaka 1953 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikazaliwa upya kwa jina la TANU. Haukupita muda mrefu kabla hajatakiwa kuchagua kati ya kazi ya ualimu na siasa. Mwaka 1955, akiwa na familia changa, aliacha ualimu na mshahara wake. Mshika mbili moja humponyoka, na yeye aliiachia moja kwa hiari yake kabla haijamponyoka.

Mwaka 1957 serikali ya kikoloni ilimteua kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Alipoona kwamba hoja za TANU hazisikilizwi, alijiuzulu mwaka huohuo. Kwake, kukalia kiti ambacho hakiwasaidii waliokutuma kulikuwa ni kuwadanganya. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961 akawa Waziri Mkuu, lakini baada ya wiki chache tu, mnamo Januari 1962, aliachia cheo hicho akarudi kukijenga chama. Mwishoni mwa mwaka huo akachaguliwa kuwa Rais.

Kutoka machifu hadi madiwani

Serikali mpya ilirithi mfumo wa utawala ambao mwananchi wa kawaida hakuwa na sauti ndani yake. Vijijini walitawala machifu chini ya wakoloni, na katika miji mabaraza yalikuwa mikononi mwa wageni kwa muda mrefu. Dar es Salaam haikupata meya Mwafrika hadi mwaka 1960, alipochaguliwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi mashuhuri na mzaliwa wa Ujiji, mji ambao watu wa Burundi wanaujua vyema.

Mwaka 1963 mamlaka ya kiutawala ya machifu yalifutwa, na halmashauri za kuchaguliwa zikachukua nafasi yao. Hatua hiyo haikuwaepuka jamaa wa Rais mwenyewe, kwani nduguye, Edward Wanzagi, ndiye aliyerithi uchifu wa baba yao.

Hata hivyo, kumchagua kiongozi hakukutosha kumfanya mwaminifu. Mwaka 1966 Tanzania iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, chombo cha kwanza cha aina yake barani Afrika, ili mwananchi aliyeonewa na mwenye madaraka apate mahali pa kupeleka malalamiko yake. Mwezi Oktoba mwaka huohuo wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewakata sehemu kubwa ya mapato yao. Nyerere alikasirika, akawafukuza mamia yao. Lakini hasira hiyo aliigeuza pia upande wa serikali yake. Alikubali kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno kwa nchi ya wakulima maskini, akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Masharti ya Arusha

Miezi mitatu baadaye, mwishoni mwa Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini Arusha, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Dunia ililitambua zaidi kwa kutaifisha mabenki na makampuni makubwa. Ndani yake, hata hivyo, mlikuwa na sehemu fupi iliyowagusa viongozi moja kwa moja, nayo ni masharti ya uongozi.

Masharti hayo yalikuwa mepesi kueleweka. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba za kupangisha. Kisha Azimio likataja nani anahesabiwa kuwa kiongozi. Mawaziri na wabunge walikuwamo, wakuu wa mashirika walikuwamo, watumishi wa serikali wa ngazi za juu na za kati walikuwamo, na madiwani nao walitajwa. Aidha, ili mume asijifiche nyuma ya mke, wala mke nyuma ya mume, wote wawili walihesabiwa pamoja.

Kumtaja diwani katika orodha hiyo halikuwa jambo dogo. Waziri huamua mambo makubwa akiwa mbali, lakini diwani huamua mambo madogo akiwa jirani: nani apewe kibanda sokoni, barabara ipite wapi, kiwanja kipi kipimwe kwanza. Maslahi yake binafsi hugusana na kazi yake kila wiki. Sheria za nchi nyingi humtaka diwani mwenye maslahi katika jambo linalojadiliwa ayatangaze, kisha asishiriki wala asipige kura. Nyerere alikwenda mbali zaidi. Alitaka maslahi yenyewe yasiwepo, ili kusiwe na cha kutangaza wala cha kuficha.

Masharti hayo yaliwaumiza wengi. Nyumba ya kupangisha ilikuwa ndiyo akiba ya uzeeni kwa kiongozi wa mjini, na mara nyingi ilijengwa kwa mkopo. Wako waliouza mali zao, wako walioziweka katika amana kwa ajili ya watoto wao, na wako walioona heri waachie uongozi kuliko nyumba. Kulikuwa na manung'uniko pia kwamba baadhi waliandikisha mali kwa majina ya jamaa. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, uliomkataza kiongozi kuwa na majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu, na mwaka 1973 ikatungwa sheria ya kuunda kamati ya kusimamia masharti ya uongozi.

Kosa la mwaka 1972

Wakati masharti hayo yakikazwa, halmashauri zenyewe zilikuwa zinaondolewa. Nyingi zilikuwa na fedha kidogo, wataalamu wachache na usimamizi hafifu, na huduma zilizorota. Mwaka 1972 serikali ilitangaza mpango ulioitwa wa madaraka mikoani. Kwa jina, ulikusudia kuyapeleka mamlaka karibu na wananchi. Kwa vitendo, halmashauri za wilaya na baadaye za miji zilifutwa, na kazi zao zikakabidhiwa wakurugenzi wa maendeleo walioteuliwa kutoka juu.

Hapo ndipo kasoro ya fikra za Mwalimu ilipojitokeza. Mtumishi aliyeteuliwa huweza kuwa mwadilifu kabisa, asiwe na hisa wala nyumba ya kupangisha, lakini humtazama aliyemteua. Taka zikijaa mtaani au bomba la maji likikauka, mwananchi hana kura ya kumwondoa. Udhaifu huo uliongezewa uzito na mfumo wa chama kimoja, uliokuwa wa kisheria tangu mwaka 1965, na sheria ya kuwaweka watu kizuizini ya mwaka 1962, ambayo iliwapunguzia wakosoaji ujasiri wa kusema.

Hali ya miji ilidhoofika kiasi kwamba mwaka 1978 ililazimu halmashauri za miji zirudishwe. Sheria mpya za serikali za mitaa zilitungwa mwaka 1982, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza kazi tena nchini kote. Nyerere hakulificha kosa hilo. Akiwa angali madarakani, alikiri hadharani kwamba kuzifuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika ni mambo ambayo asingeyarudia kama angepewa nafasi ya kuanza upya. Ni nadra kwa mtawala kuukubali upungufu wake kabla wapinzani wake hawajamlazimisha.

Butiama tena

Tarehe 5 Novemba 1985 Nyerere aliondoka Ikulu kwa hiari, akarudi Butiama kulima. Uenyekiti wa chama aliuachia mwaka 1990. Mwaka uliofuata, katika kikao kilichofanyika Zanzibar, Halmashauri Kuu ya CCM ililegeza masharti ya Arusha, na viongozi wakaruhusiwa tena kuwa na hisa, nyumba za kupangisha na mapato zaidi ya moja. Mwalimu hakulifurahia jambo hilo. Katika miaka iliyofuata alizunguka akihutubia, akikemea rushwa na uongozi wa kununuliwa kwa fedha, hasa ulipokaribia uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1995.

Mwaka huohuo wa 1995 Tanzania ilipata Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Sheria hiyo haimkatazi kiongozi kuwa na mali, bali humtaka atoe tamko la mali na madeni yake, na madiwani pamoja na mameya wamo katika orodha ya wanaohusika. Njia ya Arusha ilikuwa kumzuia kiongozi asimiliki, na njia ya leo ni kumtaka aseme anachomiliki. Ya kwanza ilikuwa kali lakini ilifichika kirahisi nyuma ya majina ya jamaa. Ya pili ni laini, na nguvu yake yote hutegemea kama kuna mtu anayelisoma tamko hilo na kuuliza maswali.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa ya majirani. Tangu mwaka 1996 alisimamia usuluhishi wa mgogoro wa Burundi, na kuanzia Juni 1998 mazungumzo yaliendelea Arusha, mji uleule wa Azimio. Hakuuona mwisho wake. Alifariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali moja mjini London, akazikwa Butiama. Nelson Mandela aliipokea kazi hiyo, na mkataba ukasainiwa tarehe 28 Agosti 2000.

Maisha yake yanamwachia mpigakura wa mji wowote mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba diwani hawezi kuwa mgawaji na mpokeaji kwa wakati mmoja, na heri mpaka huo uwekwe kabla hajala kiapo kuliko baada ya viwanja kugawanywa. La pili, ambalo Mwalimu mwenyewe alijifunza kwa gharama, ni kwamba hakuna sharti linaloweza kuchukua nafasi ya wananchi wenye uwezo wa kumwona diwani wao akifanya kazi, kumhoji, na kumwondoa kwa kura.