Ajayi, Mtumwa Aliyepata Kuwa Askofu

Watoto wetu wengi waliozaliwa ukimbizini hutuuliza: mimi ni nani, ikiwa kijiji changu sikijui? Basi tuwasimulie habari za Samuel Ajayi Crowther.

Ajayi alizaliwa Osogun, katika nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni Nigeria. Mwaka 1821 wavamizi waliuchoma mji wao. Yeye, mama yake na dada zake walifungwa kamba shingoni, kisha wakatenganishwa. Aliuzwa mara kadhaa, mwisho kwa Wareno waliompakia melini. Aprili 1822 manowari ya Waingereza iliikamata meli hiyo, na Ajayi akapelekwa Freetown, Sierra Leone, kati ya watu wa makabila mengi waliookolewa kama yeye.

Huko alishika kitabu. Kwa miezi sita hivi alijua kusoma. Mwaka 1825 alibatizwa, akapewa jina la mchungaji mmoja wa Uingereza. Mwaka 1827 alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa chuo cha Fourah Bay.

Angeweza kusahau kwao. Lakini elimu aliyoipata kwa Kiingereza aliitumia kuchunguza Kiyoruba. Aliwasikiliza wazee, akakusanya maneno na methali, na mwaka 1843 akatoa kitabu cha msamiati. Mwaka huohuo akawekewa mikono ya uchungaji. Ndipo akaanza kutafsiri Biblia, ili Neno lisikike kama watu wanavyosema nyumbani.

Mwaka 1846, huko Abeokuta, alimwona tena mama yake baada ya miaka 25. Walitazamana kimya, machozi yakitoka. Mwaka 1848 mama naye akabatizwa.

Mwaka 1864 Ajayi akawa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana. Uzeeni mwake wamisionari vijana wa Kizungu waliidharau kazi yake na kumpunguzia mamlaka. Alifariki tarehe 31 Desemba 1891, na kiti chake akapewa Mzungu. Mwaka 2014, huko Canterbury, Kanisa lilitubu kosa hilo. Lakini Biblia ya Kiyoruba haikungoja toba hiyo. Ilikuwa imekwisha kusomwa na vizazi.

Wapendwa, nyumba huchomwa na mifugo huibwa, lakini kilichomo kichwani tunavuka nacho mpaka. Tuwapeleke watoto shule, wa kike na wa kiume. Jioni tuwasemeshe lugha ya nyumbani, tuwatajie majina ya babu zao. Wasichague moja, Ajayi alishika yote mawili.

Mungu awabariki. Amina.