Pasteur hakuwa daktari

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wa isimu swali moja la kuwachangamsha: Louis Pasteur alikuwa nani? Jibu huja kwa sauti moja kwamba alikuwa daktari Mfaransa aliyegundua chanjo ya kichaa cha mbwa. Wachache huongeza habari ya maziwa, kwa kuwa wameliona jina lake, likiwa limegeuzwa kitenzi, kwenye pakiti za dukani. Nikiwaambia kwamba mtu huyo hakusomea udaktari hata siku moja, na kwamba mtoto aliyemletea sifa ya chanjo hiyo alidungwa sindano na mkono wa mtu mwingine kwa sababu sheria haikumruhusu Pasteur kufanya hivyo, baadhi yao hudhani ninawatania.

Swali hilo huliuliza katika somo la uundaji wa istilahi, ambako jina la Pasteur halikwepeki. Mwaka 1796 Mwingereza Edward Jenner alimkinga mtoto dhidi ya ndui kwa kumwambukiza ugonjwa hafifu wa ng'ombe, na kinga hiyo baadaye ikapewa jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya ng'ombe. Mnamo 1881, katika kongamano la matabibu mjini London, Pasteur alipendekeza jina hilo lipanuliwe lihusu kinga zote za namna hiyo, hata zisizohusiana na ng'ombe kwa vyovyote, ili kumuenzi Jenner. Ndiyo maana lugha nyingi za Ulaya zimembeba ng'ombe katika neno hilo hadi leo. Waswahili hawakupitia zizini. Sisi tulikitazama kitendo chenyewe, yaani chale inayokatwa ngozini, tukapata kuchanja, na kutoka hapo chanjo. Hata leo, mtoto anapopewa matone mdomoni bila ngozi yake kuguswa, neno limebaki na jeraha lake.

Lakini sikuishika kalamu kwa ajili ya neno moja. Nataka kumzungumzia mtu mwenyewe, kwa sababu naona tunawafunza vijana wetu Pasteur aliyekatwa vipande. Mwalimu wa kemia ana kipande chake, wa biolojia ana chake, na wa kilimo naye hutaja chanjo ya mifugo akapita. Mwanafunzi hapati kamwe kuuliza imekuwaje mtu mmoja akawa katika vyumba vyote hivyo.

Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji wa Dole, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza ngozi, askari wa zamani wa majeshi ya Napoleon. Utotoni, katika mji wa Arbois, kijana huyu alijulikana zaidi kwa uchoraji kuliko kwa masomo; picha za rangi alizowachora wazazi wake na majirani zimehifadhiwa mpaka sasa, na si kazi ya kubahatisha. Alipopelekwa Paris kusoma akiwa bado kijana mdogo, alizidiwa na upweke, akarudi nyumbani. Mwaka 1842 alipofanya mtihani wa sayansi wa kumalizia shule, watahini waliiona kemia yake kuwa ya kiwango hafifu. Mwaka huo huo alifaulu kuingia chuo mashuhuri cha ualimu mjini Paris, lakini hakuridhika na nafasi aliyoipata katika orodha. Akaikataa, akasoma mwaka mzima tena, akarudi na kufaulu vizuri zaidi. Ningependa mtahini yeyote anayesahihisha karatasi za vijana aukumbuke mtihani ule wa 1842.

Ugunduzi wake wa kwanza, ambao naamini ndio ufunguo wa maisha yake yote, ulihusu vitu vidogo mithili ya chembe za chumvi. Ndani ya mapipa ya mvinyo hujengeka utando mgumu ambao kutoka humo wanakemia walipata asidi ya tatariki. Asidi hiyo ikiyeyushwa majini, kisha mwanga uliochujwa ukabaki na mtetemo wa upande mmoja ukapitishwa ndani yake, mwanga huo husokotwa kuelekea kulia. Palikuwa na asidi ndugu yake, iliyoundwa kwa elementi zile zile na kwa kiasi kile kile, ambayo haikuusokota mwanga hata kidogo. Wakubwa wa kemia walikuwa wamelitazama fumbo hilo na kuliacha.

Mwaka 1848 Pasteur, kijana wa miaka 25, alizichunguza fuwele za chumvi ya asidi hii ya pili akaona jambo ambalo wengine hawakuliona. Fuwele nyingine zilikuwa na kijipande cha uso kilichoinamia kulia, na nyingine kushoto. Zilikuwa kama jozi ya kandambili: umbo moja, vipimo vile vile, lakini huwezi kuivaa ya kulia katika mguu wa kushoto. Akazitenga moja moja kwa mkono, huku kulia, huku kushoto. Alipoyeyusha kila fungu peke yake, moja liliusokota mwanga kwenda kulia na la pili kushoto, kwa kiasi sawa. Zikichanganywa zinafutana. Mzee Jean-Baptiste Biot, bingwa wa elimu ya mwanga wakati huo, hakuamini mpaka alipomwita kijana huyo afanye kazi yote tena mbele ya macho yake, kwa kemikali alizozitoa yeye mwenyewe.

Sidai kwamba uchoraji ndio uliompa jicho hilo, ingawa nashawishika kufikiri hivyo. Bahati nayo ilikuwapo: fuwele za chumvi ile hujitenga kwa namna hiyo tu panapokuwa na ubaridi wa kutosha, chini ya nyuzi 26 hivi za selsiasi. Lau angekuwa Mombasa mchana wa mwezi wa Februari, huenda angemaliza maisha yake akiwa mwalimu wa kemia asiyejulikana.

Sasa mtazame anavyovuka ua bila kuomba ruhusa ya mtu. Pasteur aliona kwamba vitu vinavyotengenezwa na viumbe hai huelekea kuwa na upande mmoja tu, ama wa kulia ama wa kushoto, ilhali mwanakemia akivitengeneza maabarani hupata pande zote mbili zikiwa zimechanganyika. Mwaka 1854 aliteuliwa kuongoza kitivo cha sayansi huko Lille, mji wa viwanda. Mwaka 1856 mwenye kiwanda cha kutengeneza alkoholi kutokana na viazisukari akamletea shida yake: baadhi ya mapipa yalikuwa yakiharibika. Katika mazao ya uchachushaji Pasteur alikuta vitu vinavyousokota mwanga, na kwake hiyo ilikuwa alama ya uhai. Basi alihitimisha kwamba uchachushaji si kuoza tu kwa kemikali, kama alivyofundisha Justus von Liebig wa Ujerumani, bali ni kazi ya viumbe hai wadogo sana. Hamira inaishi. Anayechachusha maziwa kuwa mala, anayeumua unga na anayepika pombe wote wanafuga mifugo isiyoonekana kwa macho.

Mambo yaliyofuata vitabu vya shule huyaeleza vizuri, kwa hiyo nitayapitia mbio. Kwa chupa zenye shingo ndefu iliyopinda alionyesha kwamba mchuzi uliochemshwa hauozi vumbi la hewani lisipoufikia, na kwa hoja hiyo akapewa tuzo ya Chuo cha Sayansi mwaka 1862. Alionyesha pia kwamba mvinyo ukipashwa moto wa nyuzi 50 hadi 60, bila kuchemshwa, vijidudu viharibifu hufa na ladha hubaki. Maziwa yalikuja baadaye, kwa mikono ya watu wengine.

Mwaka 1865 mwalimu wake wa zamani, Jean-Baptiste Dumas, alimwomba aende kusini kuchunguza ugonjwa uliokuwa ukiwaangamiza viwavi wa hariri na kuwafukarisha wafugaji wake. Pasteur hakujua lolote kuhusu viwavi. Alipomtembelea mtaalamu wa wadudu Jean-Henri Fabre, ilibainika kwamba hakujua hata kuna nini ndani ya kifukofuko cha hariri. Alichukua miaka mitano. Mwanzoni alikosea, akadhani chembe alizoziona kwenye hadubini si chanzo cha ugonjwa. Kisha akajisahihisha, akatambua pia kwamba magonjwa yalikuwa mawili, akawafunza wafugaji kuwachunguza nondo kwa hadubini na kutumia mayai ya wazima tu.

Katika miaka hiyo nyumba yake ilikuwa ya msiba. Binti yake mkubwa, Jeanne, alikuwa amekufa kwa homa ya matumbo mwaka 1859. Mdogo, Camille, akafa mwaka 1865 akiwa na umri wa miaka miwili. Mwaka uliofuata Cécile, mwenye miaka 12, akachukuliwa na homa ile ile iliyomchukua dada yake. Kati ya watoto watano wakabaki wawili. Oktoba 1868 Pasteur mwenyewe akapigwa na kiharusi kilichoudhoofisha upande wake wa kushoto kwa maisha yake yote. Alikuwa na miaka 45, na chanjo zake zote zilikuwa bado ziko mbele. Ustadi wa mikono tunaousifu katika kazi zake za baadaye, kwa sehemu kubwa, ulikuwa wa wasaidizi wake Émile Roux na Charles Chamberland.

Hapa ndipo tunapofika mahali ambapo walimu wengi, nami zamani nikiwamo, husimulia nusu ya habari. Mei 1881, katika shamba la Pouilly-le-Fort, Pasteur alikubali kuipima hadharani chanjo ya kimeta. Fungu moja la kondoo na ng'ombe lilichanjwa mara mbili, fungu la pili likaachwa. Tarehe 31 Mei wote wakadungwa viini vikali vya ugonjwa. Tarehe 2 Juni umati ulipofika ulikuta kondoo waliochanjwa wamesimama, na wasiochanjwa wamelala wafu au wanakata roho. Habari ikaenea duniani. Jambo ambalo umati haukuambiwa ni namna chanjo hiyo ilivyotengenezwa. Pasteur alikuwa ametangaza njia yake ya kuvidhoofisha viini kwa hewa, naye akaacha watu waamini kwamba ndiyo iliyotumika. Kumbe chanjo ya siku ile ilikuwa ya Chamberland, iliyodhoofishwa kwa kemikali, potasiamu daikromati, kwa njia iliyokaribiana na ile ya Jean-Joseph Henri Toussaint, daktari wa mifugo wa Toulouse aliyekuwa mshindani wake na ambaye alitumia asidi ya kaboliki.

Kisha mtoto Joseph Meister wa Alsace, mwenye miaka 9, akaletwa Paris tarehe 6 Julai 1885 akiwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa mahali pengi mwilini. Daktari Jacques-Joseph Grancher ndiye aliyeshika sindano. Kwa siku kumi na kitu alidungwa mara 13 dawa iliyotokana na uti wa mgongo wa sungura waliokufa kwa ugonjwa huo, akianzia na ule uliokaushwa muda mrefu na kuishia na mbichi kabisa. Mtoto akapona. Lakini mbwa wengi ambao Pasteur aliwataja kuwa ushahidi wake walikuwa wamekingwa kwa utaratibu tofauti, na majaribio ya utaratibu uliotumika kwa Meister yalikuwa hayajakamilika. Roux, ambaye alikuwa daktari, hakuridhia haraka hiyo.

Tumeyajuaje haya? Pasteur alitaka daftari zake za maabara zisionyeshwe mtu. Familia ilishika amri hiyo hadi mwaka 1964, mjukuu wake alipozikabidhi kwa Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Mwaka 1995, miaka 100 baada ya kifo chake, mwanahistoria Mmarekani Gerald Geison alichapisha kitabu kilicholinganisha daftari hizo na yale aliyoyatangaza. Wengine walimjibu kwa hasira kwamba anamchafua shujaa. Mimi nasema wanafunzi wetu wanaistahili habari nzima. Chanjo ya kimeta ilifanya kazi, na Pasteur hakuwaambia watu ilivyotengenezwa. Kijana wa sayansi asiyeweza kuzibeba kweli hizo mbili kwa pamoja atapata taabu siku atakapokuwa na daftari lake mwenyewe.

Walimu wenzangu wanajua kwamba mtaala wa umilisi sasa unamtaka kijana wa shule ya upili achague mkondo mmoja kati ya mitatu, na kabla ya hapo mfumo uliotangulia nao ulikuwa na milango yake. Sina ugomvi na kuchagua. Hofu yangu ni kwa yule mwenye kipawa cha kuchora ambaye ataambiwa kwamba maabara si mahali pake, na yule aliyepata alama hafifu za kemia ambaye ataamini kwamba karatasi ile imemaliza maneno.

Kichaa cha mbwa bado kinaua hapa kwetu. Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo vya watu 59,000 kila mwaka duniani, vingi vikiwa Afrika na Asia, ilhali anayeumwa na mbwa akichanjwa mapema hunusurika. Nalo fumbo la kulia na kushoto halijaisha. Desemba 2024 wanasayansi 38 kutoka nchi kadhaa, wa biolojia, kemia, tiba na uhandisi, walitoa onyo katika jarida la Science. Maabara zimeanza kutengeneza vipande vya kemia ya uhai vilivyogeuzwa upande, kama taswira ya kioo, na huenda katika miongo ijayo pakaundwa bakteria mzima wa namna hiyo. Kinga za binadamu, mifugo na mimea hutambua adui kwa umbo lake, na zinaweza kumpita kiumbe huyo bila kumtambua. Waliomba bakteria wa aina hiyo wasiundwe mpaka pawe na ushahidi madhubuti kwamba hakuna hatari.

Pasteur alikufa tarehe 28 Septemba 1895. Amezikwa Paris, chini ya taasisi inayoitwa kwa jina lake, na ukutani mwa kaburi lake zimeorodheshwa kazi zake kwa miaka. Ya kwanza katika orodha hiyo ni ya 1848, nayo inahusu fuwele.