Haroun Tazieff, mjiolojia aliyekatazwa kupanda Nyiragongo

Haroun Tazieff, aliyejulisha ulimwengu ziwa la moto la Nyiragongo, alifariki Paris tarehe 2 mwezi wa pili 1998. Maisha yake yanaonyesha kwamba ujuzi wa mwanasayansi hautoshi: kuna mwenye kutoa ruhusa na mwenye kutoa feza.

Alizaliwa Warsaw mwaka 1914, akasomea kilimo na jiolojia huko Ubelgiji. Kisha vita ya pili ya dunia alikuja Congo. Mwaka 1948 volkano ya Kituro ililipuka karibu na Nyamulagira, naye akatumwa kuifuatilia. Tangu siku hizo, volkano zikawa kazi yake ya maisha.

Mwaka huo huo aliingia ndani ya Nyiragongo, akaona ziwa la lava likichemka. Lakini mlima ulikuwa ndani ya mbuga ya Albert, leo Virunga, na taasisi ya kikoloni iliyosimamia mbuga ikamfungia njia. Alingoja miaka kumi. Aliporudi mwaka 1958 na 1959, alishuka na wenzake hadi karibu na ziwa ili kulichunguza.

Ufaransa nako alipambana na wakubwa. Mwaka 1976 alipinga kuhamisha wakaaji wa Guadeloupe kwa sababu ya volkano ya Soufrière. Mlipuko mkubwa haukutokea, lakini yeye alipoteza cheo chake. Baadaye, kati ya 1984 na 1986, serkali ya Ufaransa ilimkabizi kazi ya kuzuia maafa makubwa.

Huku Goma, tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977, ziwa lile lilimwagika kwa muda usiofika saa moja, likaua wanakijiji. Kituo cha kuchunguza volkano, OVG, kilianzishwa mwaka 1986 tu.

Tazieff hakuona lava ikipita katikati ya mji mwaka 2002. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 mlima ulilipuka tena, wakaaji wakakimbia bila kuonywa mbele. Msaada wa Benki ya Dunia kwa OVG ulikuwa umekwisha mwaka 2020.

Tazieff alingoja ruhusa miaka kumi, kisha akapanda tena. Mji wenye watu wengi namna hii hauwezi kungoja: vyombo vya mlimani vinahitaji bajeti kila mwaka, hata wakati Nyiragongo imetulia.