Wangila: Ushujaa Usiojua Kusimama

Katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988, Kenya ilijizolea nishani tano za dhahabu. Nne zililetwa na miguu: ya Paul Ereng, Peter Rono, Julius Kariuki na John Ngugi. Ya tano ililetwa na mikono miwili ya kijana aliyeitwa Robert Napunyi Wangila, mzaliwa wa Nairobi, ambaye alikuwa ametimiza umri wa miaka 21 majuma mawili tu kabla ya michezo hiyo kufunguliwa. Mwulize mwanafunzi yeyote wa Machakos akutajie mabingwa wa Olimpiki wa nchi hii, naye atakuhesabia wakimbiaji hadi vidole vimwishie. Jina la Wangila huenda lisitokee kabisa. Hili ni jambo la kusikitisha, kwani maisha ya bondia huyo yana mengi ya kumfikirisha mwalimu kuliko ya washindi wetu wengi.

Ikumbukwe kwamba Wangila hakuibuka jangwani. Kenya ya miaka hiyo ilikuwa na timu ya ndondi iliyoogopwa barani kote, na pale pale Seoul mwenzake Chris Sande alipata nishani ya shaba katika uzani wa kati. Ila dhahabu ya masumbwi ilikuwa haijapata kutua mikononi mwa Mkenya. Katika fainali ya uzani wa welta, Wangila alikabiliana na Mfaransa Laurent Boudouani, naye akamwangusha katika raundi ya pili, asiweze kuendelea. Asije mtu akadhani alimshinda mnyonge: mwaka 1996 Boudouani huyo huyo alitwaa ubingwa wa dunia wa ndondi za kulipwa.

Watu hudhani ndondi ni kazi ya misuli. Misuli ni ya lazima, lakini anayepanda ulingoni hupigana kwanza na woga wake mwenyewe. Hana mchezaji wa kumpasia mpira wala mstari wa kutokea nje apumue. Akipigwa mbele ya umati, huona haya kabla ya kusikia maumivu. Ndiyo maana mafunzo ya bondia, kwa sehemu kubwa, ni mafunzo ya kuunyamazisha mwili unapolia, na kuiamuru akili ikatae kile ambacho mwili unakiri. Wangila alilijua somo hilo barabara. Ndilo lililompandisha.

Mwaka 1989 aliingia ndondi za kulipwa na kufanya makao yake Marekani. Huko mambo ni mengine. Ndondi za ridhaa za wakati ule zilikuwa raundi tatu, bondia amevaa kofia ya kukinga kichwa na kuzungukwa na wenzake wa taifa moja. Katika ndondi za kulipwa raundi huweza kufika kumi au kumi na mbili, kichwa ki wazi, na kila kipigo hupunguza thamani ya mtu sokoni. Wangila alishinda mapigano 22 na kushindwa mara 5. Si rekodi ya kudharauliwa, lakini mkanda wa ubingwa wa dunia hakuwahi kuuvaa. Ni nani anayeweza kupima uzito wa nishani ya dhahabu akilini mwa kijana anayeiona ikizidi kuwa ya zamani kila mwaka unaopita?

Usiku wa tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, alipambana na David Gonzalez. Katika raundi ya tisa, refa Joe Cortez alilisimamisha pambano baada ya kuona Wangila anapigwa pasipo kujikinga vya kutosha. Wangila alipinga. Alikuwa amesimama kwa miguu yake na alitaka kuendelea. Muda si muda, akiwa ameondoka ulingoni, alizimia. Hakuzinduka tena. Alifariki tarehe 24 Julai akiwa na umri wa miaka 26.

Hapa ndipo ningependa waalimu wenzangu watue kidogo. Madaktari wanatueleza kwamba damu inayovuja ndani ya fuvu huweza kuchukua muda kabla ya kuukandamiza ubongo. Katika muda huo mtu husimama, husema, na hata hubishana. Basi kiungo kilichokuwa kikimwambia Wangila kwamba bado ana nguvu ndicho kile kile kilichokuwa kimejeruhiwa. Simlaumu refa, naona alitenda yaliyompasa, na pengine hata yeye alikuwa amechelewa. Simlaumu marehemu pia. Alifanya kile ambacho tangu utotoni alifundishwa kuwa ndicho ubingwa. Sisi nasi huandika ubaoni, kila muhula, kwamba asiyekata tamaa hushinda, wala hatumwonyeshi mtoto ni nani atakayemshika mkono siku ambayo yeye mwenyewe hawezi kujua kwamba imetosha.

Mwili wake uliletwa nyumbani Kenya. Olimpiki nyingi zimepita tangu siku ile ya Seoul, na hadi leo hakuna Mkenya mwingine aliyeleta dhahabu ya ndondi.