Anthony Allison: Aliyefumbua fumbo la damu ya Pwani

KWA vizazi vingi malaria imewaua watoto katika Pwani ya Kenya, lakini kuna wanaozaliwa na kinga dhidi yake ndani ya damu yao. Aliyegundua siri hiyo ni Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Gilgil na kufariki Marekani mnamo 2014.

Allison alizaliwa Afrika Kusini mnamo 1925 na kulelewa katika shamba la pareto la wazazi wake katika Bonde la Ufa. Mnamo 1949, akiwa angali mwanafunzi wa udaktari, aliandamana na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuja Mlima Kenya. Alizunguka nchini akikusanya damu ya jamii mbalimbali ili kuchunguza selimundu.

Katika maradhi hayo, chembe nyekundu za damu hupinda mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo. Seli za viungo zinazokosa hewa hujeruhiwa na hata kufa. Anayeugua amerithi jeni mbili mbovu, moja kwa kila mzazi. Aliyerithi moja kwa kawaida huishi bila tatizo.

Matokeo yalimshangaza. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya asilimia 20 ya watu walibeba jeni hiyo, ilhali katika nyanda za juu hawakufika asilimia 1. Ilikuwaje jeni inayoua watoto isitoweke? Allison alishuku kwamba jibu ni malaria, kwa kuwa maeneo hayo mawili ndiyo yaliyosumbuliwa mno na mbu.

Alirejea mnamo 1953 na kupima watoto 290 karibu na Kampala. Vimelea vya malaria vilipatikana kwa asilimia 28 hivi ya waliobeba jeni hiyo, na kwa asilimia 46 ya wenzao. Matokeo aliyachapisha mwaka uliofuata, na wengi wakayatilia shaka. Nusu karne baadaye, mnamo 2005, watafiti wa Kemri mjini Kilifi walithibitisha kuwa kubeba jeni moja humkinga mtoto dhidi ya malaria kali kwa takriban asilimia 90.

Majeraha ya seli yaliendelea kumshughulisha. Huko London, katika miaka ya 1960, alionyesha jinsi vumbi la mawe linavyoua seli za ulinzi mapafuni: hupasua vifuko vyenye vimeng'enya, na seli ikajimeng'enya yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliongoza maabara ya utafiti wa maradhi ya mifugo jijini Nairobi. Baadaye, akiwa California na mkewe Elsie Eugui, alibuni dawa ya kuzuia mwili kukataa figo au moyo uliopandikizwa.

Hata hivyo, kinga aliyoigundua ina gharama. Wazazi wawili wenye jeni hiyo wanapopata mtoto, kuna uwezekano wa mmoja kwa wanne kwamba atazaliwa na selimundu. Naye malaria haimwachi, bali huweza kumuua upesi. Ndiyo maana kutoka Kilifi hadi Malindi, kupima damu mapema, chanjo, dawa na chandarua ni suala la uhai. Allison alieleza kwa nini jeni hiyo ipo. Kumnusuru mtoto aliyerithi mbili ni kazi ya walio hai.